Mnaoiogopa 93, nisikilizeni

Wiki iliyopita nilipika pilau kwangu Saint-Denis, kaskazini tu ya Paris, katika mkoa wa Seine-Saint-Denis ambao watu wanauita 93 kwa namba yake, nikawaalika wenzangu wa nyumbani wanaosoma huku Ufaransa. Mmoja, anayekaa Paris penyewe, akanijibu: "Samahani dada, huko 93 siji. Mama akisikia nimeingia Saint-Denis hatalala." Kila nikiusoma ujumbe ule hasira inapanda upya. Hajawahi kukanyaga hapa. Kayaokota ya kwenye televisheni na kuyameza mazima.

Saint-Denis ndiko walikozikwa wafalme wa Ufaransa, karne na karne. Ndiko Zidane alikoifunga Brazil mabao mawili ya kichwa kwenye fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1998. Mechi ikiisha wageni wanapanda treni wanaondoka, na sisi tunaobaki tunaitwa wahuni.

Sasa niwaambie wahuni wenyewe ni akina nani. Mwanafunzi wa kigeni kama mimi anaruhusiwa kufanya kazi saa 964 kwa mwaka, na nyingi katika zangu zinaishia kwenye kusafisha ofisi La Défense, eneo la maghorofa ya makampuni nje kidogo ya Paris. Kwa hiyo treni za alfajiri nazijua. Napanda na mama mmoja Mngazija aliyekulia Unguja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umekunywa chai?" Akishaketi anavua viatu vyake vizuri, anavitia kwenye mfuko wa plastiki, anavaa raba za kazi zilizokwisha kisigino. Anapapasa funguo zilizoning'inia shingoni, anakumbatia begi, analala. Hajapitiliza kituo hata siku moja! Pembeni yake wamelala Wamali, Watamil, Wahaiti, Waaljeria, wamevaa majaketi ya kazi. Saa tatu asubuhi wenye ofisi wanapoingia, mapipa ni matupu, vyoo vinanukia, kahawa ipo tayari, na sisi tumeshaondoka. Wazee wa Paris wanaogeshwa na wanawake wa vitongoji hivi. Watoto wa Paris wanachukuliwa shuleni na wanawake hawa hawa. Mtu anamkabidhi mama huyu ufunguo wa nyumba yake na mtoto wake mchanga, kisha anaogopa kufika anakoishi mama huyo. Mimi jambo hili linanitoa machozi, sioni haya kusema.

Simu zinaporwa, haya, nakubali. Kona ya mtaa wetu kuna vijana wanauza bangi mchana kweupe, na siwapendi. Lakini hata Kariakoo tunakumbatia mikoba, na bado tunakwenda kununua vitenge.

Na soko letu la Jumapili! Mihogo, bamia, ndizi za kupika, samaki wa kila namna, na muuza viungo anayekuongezea kiganja cha iliki akikuzoea. Paris kwa huyo mwenzangu atafute iliki ya bei hiyo, nione.

Ninaloomba mlifikirie zaidi ni Clichy-sous-Bois, mji mwingine wa 93. Oktoba 2005 Zyed Benna, miaka 17, na Bouna Traoré, miaka 15, waliwakimbia polisi wakajificha kwenye kituo cha transfoma, wakafa kwa umeme. Vitongoji vikawaka moto wiki tatu. Magari yaliyochomwa yanakumbukwa na kila mtu. Kwamba mji ule, kilomita chache tu kutoka Paris, haukuwa na reli ya aina yoyote, halisemwi. Tramu ya T4 imefika huko Desemba 2019, miaka 14 baada ya vifo vile. Metro ya 16, treni ya chini ya ardhi ya kufika huko, iliahidiwa kabla ya Olimpiki ya Paris ya 2024. Kilichowahi Olimpiki ni metro ya 14, kufika Saint-Denis Pleyel, jirani na kijiji cha wanamichezo.

Sheria ya Ufaransa ya mwaka 2000 inaitaka miji iwe na nyumba za bei nafuu, na kiwango kwa miji mingi sasa ni asilimia 25 ya makazi yake. Neuilly-sur-Seine, mji wa matajiri unaopakana na Paris, uko mbali kabisa na kiwango hicho, na faini unatozwa. Kule hakuna mama anayekosa usingizi mwanawe akienda kutembea.

Tuna mwenzetu kazini anayetoka Clichy-sous-Bois. Safari yake inaanzia kwenye basi la usiku, majira ambayo wengi wetu hatujageuka ubavu wa pili. Anastahili metro yake sasa, bila kungoja michezo mingine ije.