Tozo ya kuangalia ziwa

Rafiki yangu karudi kutoka Japani wiki iliyopita, ananionyesha picha za barabara moja huko Fukushima, maji yanametameta chini, misitu imegeuka myekundu na njano, halafu ananiambia "na ni bure kabisa, hulipi hata senti". Nikamuuliza unajua imekuwa bure tangu lini na kwa nini? Hajui. Imeniuma mpaka nimekaa kuandika.

Inaitwa Bandai-Azuma Lake Line, kama kilomita 13 hivi, kati ya mji wa Inawashiro na kijiji cha Kitashiobara, inapita karibu na maziwa matatu, Akimoto, Onogawa na Hibara. Ilifunguliwa miaka ya 1970 ikiwa ya kulipia. Utaratibu wao wa tozo ni kwamba unakopa, unajenga, unatoza mpaka muda uliowekwa uishe, kisha barabara inakuwa ya umma. Sawa, nakubali bila tozo pengine isingejengwa kabisa, milimani kule theluji ni nyingi hadi barabara inafungwa msimu wote wa baridi, na kuitunza ni hela.

Ila angalia walichokuwa wanauza. Maziwa yale hayakuwepo kabla ya tarehe 15 Julai 1888. Siku hiyo mlima Bandai ulilipuka, upande wa kaskazini ukaporomoka, mawe na udongo vikafukia vijiji na kuziba mito, watu 477 wakafa, na maji yaliyokosa pa kupita ndo hayo maziwa tunayopigia picha leo. Kijiji cha Hibara, kituo cha wasafiri kwenye njia ya zamani ya kutoka Aizu kwenda Yonezawa, kikazama, kipo humo ziwani mpaka leo. Hata huo msitu haukujiotea wote, kuna mtu anaitwa Endo Genmu alihangaika miaka na miaka kupanda miti kwenye ardhi iliyobaki kifusi kitupu. Sasa wewe mjukuu wa watu wa pale, babu zako wamelala chini ya lile ziwa, unafika kwenye kibanda cha tozo unatoa yen ndo upite uwaangalie! Najua ipo barabara nyingine ya kufika huko, mtu halazimishwi. Hainitoshi. Mandhari yale waliyalipia wenyeji kwanza, kwa roho za watu na kwa jasho, kabla ya yeyote kumwaga lami.

Halafu ikaja 2011, tetemeko, tsunami, kinu cha nyuklia. Wageni wakaikimbia Fukushima nzima, hata hizi sehemu za ndani zilizo mbali na pwani, nyumba za wageni zikabaki tupu. Hapo ndo tozo ikaondolewa, kwanza kwa muda ili kusaidia watu wainuke, kisha tarehe 25 Julai 2013 moja kwa moja, pamoja na zile barabara nyingine mbili za kulipia za milima ile ile, Skyline ya mwaka 1959 na Gold Line. Nilifurahi kusoma hivyo, na papo hapo nikakasirika. Kumbe ilijulikana kabisa kwamba kizuizi kinafukuza wageni, na mgeni asiyefika halali kwenye nyumba ya mtu wala hali chakula cha mtu, lakini ikabidi Fukushima ipigwe vile ndo kizuizi kinyanyuliwe. Miji midogo ina nini zaidi ya barabara inayomleta mtu mlangoni?

Rafiki yangu anasema atarudi tena. Nimemwambia safari hii asimame kwenye daraja la Nakatsugawa aangalie bonde, halafu akifika Hibara ashuke kwenye gari. Maji yakipungua, lango la hekalu la kile kijiji huwa linajitokeza ziwani. Akikuta limetokeza, akae pale kidogo.