Viti Vimelipiwa, Watu Hawapo

Ukisikia uwanjani kwamba watu 50,000 wamehudhuria mechi ya futiboli ya Kimarekani (si soka) ya vyuo vikuu, usidhani kuna aliyehesabu vichwa. Kwa kawaida hizo ni tiketi zilizouzwa au kugawiwa, na vyuo vingine hujumlisha humo hata bendi na wafanyakazi wa uwanja. Namba ya kweli iko getini, kwenye mashine inayosoma tiketi. Mwaka 2018 gazeti la Wall Street Journal lilikusanya rekodi za mageti za msimu wa 2017, likakuta waliopita ni takriban asilimia 71 tu ya waliotangazwa.

Hata namba za kutangaza zilikuwa zinashuka. Katika daraja la juu, FBS, wastani ulizidi watu 46,000 kwa mechi mwaka 2008. Kufikia 2018 ulikuwa chini ya 42,000. Baada ya korona vyuo vikubwa vimejaza tena majukwaa, lakini bado naamini tunatazama namba isiyofaa.

Kiti kilicholipiwa kikabaki kitupu hakionekani kwenye mapato ya tiketi, na hapo ndipo wahasibu wengi wanapojidanganya. Tuchukulie tiketi 50,000 zimeuzwa, na asilimia 71 ya wenye tiketi wakaingia: 35,500. Waliokosekana ni 14,500. Kama kila mmoja angetumia dola 15 kwa soda, chakula na kofia, zimepotea dola 217,500 kwa mechi moja. Kwa mechi saba za nyumbani, zaidi ya milioni 1.5. Huku walinzi, wauzaji na watu wa huduma ya kwanza wameshaajiriwa kwa kufuata tiketi zilizouzwa.

Hasara kubwa zaidi huja mwaka unaofuata. Kwenye vyuo vingi, ili upate haki ya kununua tiketi ya msimu kwenye viti vizuri, lazima kwanza utoe mchango kwa idara ya michezo. Mpaka 2017 shabiki aliweza kuondoa asilimia 80 ya mchango huo kwenye kipato chake kinachotozwa kodi. Sheria mpya ya kodi ikaondoa nafuu hiyo kuanzia 2018. Mtu aliyekosa mechi tatu kati ya saba akiletewa bili nyingine, anaipiga hesabu upya. Na fedha hizo sasa zinahitajika kuliko zamani, kwa kuwa tangu msimu wa 2025 chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake; kikomo cha mwaka wa kwanza kilikuwa dola milioni 20.5.

Kwa nini watu hawaji? Bei imo, foleni ya magari imo. Ila mimi lawama kubwa naiweka kwa televisheni. Msomaji aliyezoea soka, dakika 45 bila tangazo, hebu afikirie dakika 60 za mchezo zinazomeza zaidi ya saa tatu. Mpira ukisimama, mtu wa televisheni, mara nyingi mwenye kofia nyekundu, anaingia ukingoni mwa uwanja. Waamuzi wanasubiri. Wachezaji wanasubiri. Aliye nyumbani anaangalia tangazo au anakwenda jikoni. Aliye jukwaani amekalia benchi la alumini kwenye jua la Septemba, anahesabu dakika mpaka yule mtu atoke. Isitoshe, saa ya kuanza mechi nyingi hutangazwa siku 12 kabla, wakati mwingine 6 tu. Familia inayosafiri kwa gari muda wa saa nne itapangaje hoteli?

Mwaka 2023 kanuni zilibadilishwa: saa ya mchezo haisimami tena timu ikisogeza mpira yadi kumi na kupata majaribio mapya manne, isipokuwa dakika mbili za mwisho za kila nusu. Hilo limepunguza mchezo wenyewe, matangazo yakabaki. Kwa maoni yangu, mkato umepigwa pasipostahili.

Chuo Kikuu cha Alabama, chenye timu maarufu, kilijaribu njia nyingine. Kocha wake wa wakati huo, Nick Saban, alikuwa amelalamika hadharani tangu 2013 kwamba mashabiki wanaondoka mapema. Mwaka 2019 chuo kikaleta programu ya simu iliyofuatilia mwanafunzi alipo: pointi 100 kwa kuhudhuria, 250 zaidi kwa kubaki mpaka robo ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, na wenye pointi nyingi wakapewa kipaumbele cha tiketi za mechi kubwa za mwisho wa msimu. Mwili unaweza kubakizwa hivyo, ila mwanafunzi aliyechoka hatageuka mnunuzi wa tiketi akifika miaka 35.

Ningeanza na mkataba wa televisheni: idadi ya mapumziko ya matangazo ipunguzwe, na saa za mechi zijulikane kabla tiketi za msimu hazijalipiwa, hata kama malipo ya televisheni yatashuka kidogo. Maji ya kunywa yawe bure. Kisha mashine za getini zisomwe kwa kila sehemu ya jukwaa na kwa kila dakika 15, ili ijulikane ni kina nani hawaji, nani wanachelewa, na kama ni jua, foleni ya lango fulani au mpinzani dhaifu aliyelipwa kuja kucheza ugenini, ambaye kila mtu anatarajia atafungwa.