Matangi ya Zamani ya Petroli: Udongo Uchimbwe, au Bakteria Waachiwe Kazi?

Tangi la chuma lililozikwa chini ya sheli huliwa na kutu, lakini petroli nyingi huvujia kwenye maungio ya mabomba yaendayo kwenye pampu, na pale lori linaposhushia mafuta. Anayechukua sampuli ndani ya shimo la tangi tu amekagua nusu ya eneo. Ubishi wenyewe huanza uchafuzi ukishathibitika: udongo uchimbwe na kuondolewa, au petroli iachiwe bakteria huku maji ya ardhini yakipimwa?

California iliipa kila kambi hoja yake karibu kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 watafiti wa maabara ya Lawrence Livermore walipitia kumbukumbu za mamia ya matangi yaliyovuja, wakaona kwamba kwa kawaida benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, haisafiri zaidi ya mita 80 hivi kabla bakteria hawajaimaliza. Walishauri gharama kubwa za kusafisha ziachwe pale ambapo hatari ni ndogo. Mwaka 1996 mji wa Santa Monica ukafunga baadhi ya visima vyake na kupoteza karibu nusu ya maji yake, kwa sababu ya MTBE, kemikali iliyochanganywa kwenye petroli ili iungue vizuri zaidi. Lita moja ya maji huyeyusha benzini tupu gramu 1.8 hivi, MTBE, karibu gramu 50. MTBE hainati kwenye udongo, na bakteria huichukua polepole. Matokeo ya benzini hayakuwa kinga dhidi yake.

Wanaotaka kuchimba wana hoja nzito: petroli iliyokwama ardhini hulisha maji sumu kwa miaka mingi, na kuiondoa hukata mzizi. Ila chini ya usawa wa maji kuta za shimo huporomoka, chini ya jengo huwezi kuchimba, na udongo usiotibiwa huhamishia tatizo kwa jirani mwingine.

Wanaotaka kuacha wanadaiwa ushahidi. Benzini ikipungua peke yake haitoshi. Huenda mvua imeizimua tu. Kama bakteria wanafanya kazi, kisima kilicho ndani ya uchafuzi kitaonyesha oksijeni, naitreti na salfeti pungufu kuliko kisima safi cha upande maji yanakotoka, na chuma iliyoyeyuka na methani zitakuwa zimepanda.

Ushahidi huo hutegemea visima vya uchunguzi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vinahitajika angalau vitatu, vikae kama pembetatu, midomo yake ipimwe kimo kwa usahihi wa milimita. Bila hivyo mwelekeo wa maji ni kubahatisha. Sehemu ya bomba yenye matundu ianzie juu ya kimo cha maji cha masika na iishie chini ya kile cha kiangazi. Ikizamishwa yote, petroli huelea juu yake na kisima husomeka safi. Hata kisima kizuri hudanganya kikipimwa msimu mmoja: maji yakipanda, petroli hunaswa kwenye vinyweleo vya udongo na utando wa petroli inayoelea hutoweka kisimani, kisha hurudi wakati wa kiangazi. Pima kila miezi mitatu kwa mwaka mzima angalau. Maji yavutwe taratibu, chini ya nusu lita kwa dakika, yajazwe kwenye vichupa vya mililita 40 bila kiputo cha hewa, kwani benzini hukimbilia humo, kisha yawekwe kwenye barafu. Kwa sheli ya Afrika kusini mwa Sahara iliyouza mafuta kabla ya 2006, pima pia madini ya risasi yaliyokuwa yakichanganywa kwenye petroli.

Mimi niko upande wa kuacha, mradi petroli inayoelea imeondolewa, vipimo vya mwaka havipandi, na hakuna kisima cha kunywa kilicho karibu. Sharti hili la mwisho silegezi, maana kisima kinachovuta maji mengi huuvuta uchafuzi pia. Wala zile mita 80 zisibebwe hadi Mombasa au Unguja. Kwenye mwamba wa matumbawe maji hupita kwenye nyufa, na visima vitatu vya uchunguzi vinaweza kuukosa ufa wenyewe. Huko, kabla ya kubishania udongo, orodhesha kila kisima cha majirani kinachotumika, kipime benzini na MTBE, na pale inapoonekana wapewe maji mengine siku hiyohiyo.