Mshahara ulipanda Brazil, pengo la mali likabaki

"Keki ikue kwanza, ndipo igawanywe." Katika nchi zinazoendelea, mfanyakazi hujibiwa hivyo kila anapodai nyongeza. Uchumi bado mchanga, anaambiwa. Mwajiri akilazimishwa kulipa zaidi ya uwezo wake atafunga kiwanda, na wachache watakaobaki watafanya kazi bila mkataba. Upande wa pili unashikilia kwamba mtu anayefanya kazi kutwa na bado analala njaa anaibiwa jasho lake, kwa hiyo sheria iingilie kati. Nimewasikiliza wa pande zote, na kinachonishangaza ni kwamba hubishana kana kwamba hakuna nchi iliyowahi kujaribu. Brazil imejaribu njia zote mbili, kwa nyakati tofauti.

Ya keki ndiyo iliyotangulia. Jeshi lilitwaa madaraka mwaka 1964, na kati ya 1968 na 1973 uchumi ulikua kwa wastani wa takriban asilimia 10 kwa mwaka, hata watu wakauita muujiza. Usemi wa kukuza keki kabla ya kuigawa unahusishwa na waziri wa fedha wa wakati huo, Antônio Delfim Netto. Vyama vya wafanyakazi vilibanwa, na thamani halisi ya kima cha chini cha mshahara ikashuka huku viwanda vikiongezeka. Sensa ya 1970 ilipolinganishwa na ya 1960, ilionekana kwamba pengo la kipato lilikuwa limepanuka. Keki ilikua kweli, ila siku ya kuigawa haikufika. Wenye kushauri subira wangepaswa kuueleza mfano huu kabla ya kuwaomba maskini wangoje tena.

Njia ya pili, ya kupandisha mshahara kwa sheria, ilishika kasi Luiz Inácio Lula da Silva alipoingia madarakani kama rais mwaka 2003. Aprili mwaka huo kima cha chini kilikuwa reali 240 kwa mwezi (reali ni sarafu ya Brazil). Januari 2014 kilikuwa kimefika reali 724. Ukiondoa mfumuko wa bei, uwezo wa mshahara huo kununua ulikuwa umepanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Serikali na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kanuni, ikawa sheria mwaka 2011: kila mwaka mshahara upande kwa kiwango cha mfumuko wa bei, na juu yake uongezwe ukuaji wa uchumi wa mwaka juzi. Naiona kanuni hiyo kuwa ya haki kabisa, kwa sababu uchumi ukikua, anayefagia ofisi anapata fungu lake bila kumpigia mtu magoti.

Je, waajiri walifukuza watu? Katika maeneo sita ya miji mikubwa ambako ajira ilikuwa ikipimwa kila mwezi, wasio na kazi walikuwa takriban asilimia 12 mwaka 2003. Mwaka 2014 walikuwa chini ya asilimia 5, na ajira za mkataba zilikuwa zimeongezeka. Kipimo cha Gini, ambacho 0 ni usawa kamili na 1 ni mtu mmoja kuchukua pato lote, kilishuka kutoka karibu 0.58 hadi karibu 0.52. Kwa nchi iliyojulikana duniani kwa ukosefu wa usawa, hiyo ni hatua kubwa.

Ipo hoja niliyokuwa nikiiamini mwenyewe: kwamba sheria ya mshahara haimfikii mtu wa sekta isiyo rasmi, na katika nchi maskini huko ndiko waliko wengi. Brazil ina wafanyakazi wa ndani wapatao milioni 6, wengi wao wanawake weusi, na walio wengi kitabu chao cha kazi hakijatiwa saini na mwajiri, yaani hawana mkataba rasmi. Hata hivyo, wachumi wa huko waligundua kwamba malipo ya wasio na mkataba nayo hufuata kima cha chini kinapopanda. Huliita jambo hilo athari ya mnara wa taa: mshahara wa kisheria unaonekana kutoka mbali, na hata asiyelindwa na sheria huutumia kupatana na mwajiri wake. Kisha kuna katiba ya 1988, inayokataza pensheni kuwa chini ya kima cha chini. Kwa hiyo kila nyongeza ilimfikia hata mkulima mzee kijijini ambaye hakuwahi kuajiriwa rasmi. Kwa macho yangu, kufungamanisha pensheni na mshahara kulifanya kazi kubwa kuliko watu wanavyokumbuka.

Lakini wapinzani wa njia hii nao wana lao, na si dogo. Miaka hiyo China ilikuwa ikinunua madini ya chuma na soya za Brazil kwa bei nzuri, fedha zikamiminika. Bei zilipoanguka, uchumi ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 3 mwaka 2015, na tena 2016, na ajira zikapotea kwa mamilioni. Ndoa ile ya pensheni na mshahara ina gharama yake pia: kila reali inayoongezwa hulipwa na hazina ya serikali kwa mamilioni ya wazee. Tena tija ya wafanyakazi haikukua kwa kasi ya mishahara. Anayesema mshahara unaweza kupandishwa kwa sheria peke yake, bila kujali kama nchi inazalisha zaidi, anawaahidi watu kitu kitakachokatika njiani.

Hata hivyo, jambo linaloniuma zaidi ni jingine. Takwimu za Gini hutokana na kuuliza kaya zinapata nini, na matajiri hawasemi yote. Watafiti walipoanza kutumia kumbukumbu za kodi ya mapato, waliona kwamba asilimia 1 ya juu ilikuwa ikichukua takriban robo ya pato lote la nchi, na fungu hilo halikupungua katika miaka yote ile ya neema. Aliye chini alimkaribia wa katikati. Wa juu kabisa hakuguswa.

Sababu haina fumbo. Nyongeza ya mshahara haiugusi utajiri, kwa kuwa tajiri haishi kwa mshahara. Anaishi kwa gawio la hisa, yaani faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa, kwa riba, kwa ardhi. Kuanzia 1996 hadi 2025 gawio lililolipwa mtu binafsi nchini Brazil halikutozwa kodi ya mapato, ilhali sehemu ya juu ya mshahara wa mwalimu au muuguzi ilikatwa hadi asilimia 27.5. Na ardhi ina historia ndefu zaidi. Utumwa ulikomeshwa mwaka 1888, na waliokuwa watumwa waliachiwa huru bila shamba. Sensa ya kilimo ya 2017 ilikuta mashamba ya zaidi ya hekta 1,000, ambayo ni takriban asilimia 1 tu ya mashamba yote, yakiwa na karibu nusu ya ardhi yote ya kilimo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mshahara upandishwe, na upandishwe kwa kanuni inayojulikana, kwa kuwa anayeomba subira ameshapewa muda wa kutosha. Ila tusimwambie mfanyakazi kwamba nyongeza hiyo ndiyo dawa ya pengo la mali. Mjadala wa mshahara ukisimama peke yake huwapa nafuu wenye mali, maana wote wanabaki wakimtazama mwenye duka na msaidizi wake, hakuna anayeuliza habari za mwenye hisa.

Mwishoni mwa 2025 Brazil ilipitisha sheria ya kuwaondolea kodi ya mapato wanaolipwa hadi reali 5,000 kwa mwezi, na kuwawekea wanaopata zaidi ya reali 600,000 kwa mwaka kodi ya lazima inayopanda taratibu hadi asilimia 10, gawio likiwemo. Imechukua takriban miaka 30 kufika hapo. Asilimia 10 bado haifiki nusu ya ile 27.5 ya mwalimu, na mashamba yale ya hekta 1,000 yako palepale.