Mwachie Mungu, Lakini Muulize Mzee

Ukimweleza mtu shida yako hapa Bombo, Uganda, hata hujafika katikati ameshakujibu: mwachie Mungu. Maneno mazuri hayo, na mimi Mwislamu siwezi kuyapinga. Ninachokipinga ni jinsi yanavyotumika kufunga mazungumzo. Mama aliyefiwa na mumewe anaambiwa amwachie Mungu na watu walewale wanaojua fika kwamba shemeji zake wameshaanza kupima shamba kwa hatua. Kijana aliyenyang'anywa pikipiki na mkopeshaji anaambiwa vivyo hivyo, kisha kila mtu anaenda zake kunywa chai.

Kwa maoni yangu, kumtegemea Mungu na kusikiliza wazee wenye busara ni jambo moja, si mawili. Anayesema anamtegemea Mungu huku amewapa wazee kisogo, namwona ni mtu aliyekwisha kuchagua jibu, na anangoja tu Mungu alitie mhuri.

Kisa kinachonikaa moyoni kuliko vyote katika habari hii ni cha Sayyidna Umar, khalifa wa pili baada ya Mtume. Alikuwa njiani kwenda Sham, yaani nchi ya Syria na jirani zake, na alipofika mahali paitwapo Sargh akaletewa habari kwamba tauni imezuka huko aendako. Akawaita Muhajirina, waliohamia Madina pamoja na Mtume, kuwataka shauri; wakatofautiana. Akawaita Ansari, wenyeji wa Madina waliowapokea, nao wakatofautiana. Ndipo akawaita wazee wa Kikureshi waliohama wakati wa ufunguzi wa Makka, na kati ya hao hawakupatikana hata wawili waliopishana: rudi na watu wako, usiwaingize kwenye tauni. Umar akatangaza kurudi. Abu Ubaida, aliyekuwa amiri wa majeshi ya Sham, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu.

Halafu ndipo akatokea Abdurrahman bin Auf, ambaye hakuwapo wakati wa mashauriano, akasema analo neno alilolisikia kwa Mtume: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikizuka mlipo msitoke kwa kuikimbia. Tazama mpangilio wa mambo. Hadithi ilikuja baada ya wazee kusema, ikawakuta wameshafika palepale. Walikuwa wameishi, wameona, na uzoefu wao haukugombana na imani yao. Abu Ubaida mwenyewe alibaki Sham na tauni ile ikamchukua. Sisemi hivyo kumlaumu, maana ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo, na mimi ni nani.

Watu husema hayo ni ya zamani, ya Waarabu. Haya, tuje Gulu, mwaka 2000. Ebola ilipozuka kule kaskazini, kabla ya watu kuelewa wataalamu wa serikali na wa Shirika la Afya Duniani wanasema nini, wazee wa Kiacholi walikwisha kuutambua ugonjwa ule kwa namna yao. Waliuita gemo, balaa linalokuja kwa ghafla kama upepo na kuchukua watu wengi, na gemo ina sheria zake tangu enzi za mababu. Mgonjwa anawekwa nyumba ya peke yake, mbali na wengine. Mlangoni panasimamishwa matete mawili marefu ili kila apitaye ajue. Anayemhudumia ni mtu aliyekwisha kuugua akapona. Watu hawatembeleani ovyo, hawali chakula cha wageni, ngoma zinasimama. Aliyepona hachangamani na watu mpaka mwezi mzima upite. Aliyekufa anazikwa pembeni mwa kijiji, bila desturi za kawaida.

Wataalamu wa utamaduni walioingia vijijini wakati ule walikuta sheria hizo zinakubaliana kwa sehemu kubwa na zile za madaktari. Watu 425 waliugua na 224 wakafa, akiwemo Dk. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyefariki Desemba mwaka ule baada ya kuongoza mapambano tangu mwanzo. Sidai kwamba wazee peke yao ndio waliouzima ugonjwa. Madaktari na wauguzi waliufanyia kazi kwa roho zao. Lakini nashangazwa na wazee wale kwa jambo moja. Kila siku wao ndio walinzi wa mila za mazishi, za kuosha maiti na kukusanyika. Ilipofika gemo, wao wenyewe ndio waliosema: mila hizo ziwekwe kando kwanza. Mtu anayejua mila juujuu hathubutu kufanya hivyo. Anayeijua mpaka mzizi anajua pia wapi inasimama.

Sasa linganisha na yaliyotokea mwaka 2022, Ebola iliporudi Mubende na Kassanda. Iliripotiwa kwamba huko Kassanda watu walifukua maiti iliyokwisha kuzikwa na timu ya serikali, ili wamwoshe na kumzika marehemu kwa taratibu za Kiislamu, na maambukizi yakaongezeka. Walikuwa Waislamu wenzangu na nia yao naielewa kabisa. Hakuna kinachouma kama kumpeleka baba yako kaburini bila josho. Lakini fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inalo jibu la maiti isiyoweza kuguswa kwa kuogopa madhara, na shehe yeyote aliyesoma angewaambia. Dharura ina hukumu yake. Hapo uchamungu ulikuwapo tele, kilichokosekana ni mzee wa kuwashika mkono.

Najua mtu ataniuliza kuhusu Kanungu, na ana haki. Tarehe 17 Machi 2000, miezi michache tu kabla ya ile Ebola ya Gulu, mamia ya waumini wa dhehebu moja waliteketea ndani ya kanisa lao huko, kusini magharibi mwa Uganda. Walikwisha kuuza mali zao na kuwakabidhi viongozi fedha, maana waliambiwa dunia inakwisha. Joseph Kibwetere, mmoja wa viongozi hao, hakuwa kijana. Alikuwa na zaidi ya miaka 60, mtu mwenye heshima zake, na watu walimsikiliza. Kwa hiyo mvi si cheti. Wala kutaja jina la Mungu kila baada ya sentensi si cheti.

Mzee wa kweli ninamtambuaje? Kwanza, ninatazama nani ananufaika nikifuata shauri lake. Ukiambiwa uuze shamba na fedha zimfikie anayekuambia, huo si ushauri. Umar alipoambiwa arudi, wazee wale hawakupata hata dirhamu. Pili, na hili ndilo ninalolipa uzito zaidi, ninatazama kama amekaa ndani ya shida yenyewe. Mwaka 2003 watoto makumi ya maelfu wa Acholi walikuwa wakitembea kila jioni kutoka vijijini kuja kulala katika miji kama Gulu, kwenye varanda na vituo vya mabasi, ili wasitekwe na waasi wa Kony. Askofu mkuu John Baptist Odama na viongozi wenzake wa dini walichukua magunia wakaenda kulala nje pamoja nao, kwa usiku kadhaa. Kati yao alikuwa Askofu Macleod Baker Ochola, ambaye mke wake aliuawa na bomu la kutegwa ardhini mwaka 1997. Mtu wa namna hiyo akikuambia samehe, ana haki ya kulitamka neno hilo. Na walilitamka: walipigania msamaha kwa waliorudi kutoka msituni, na sheria ya msamaha ikapitishwa mwaka 2000, wakati wengi walitaka bunduki imalize kazi.

Nyumbani kwetu mambo hayakuwa makubwa hivyo. Mwaka 2020 nchi ilipofungwa, boda boda zikakatazwa kubeba abiria, na kaka yangu akakaa bila kazi huku kodi ya nyumba inapanda juu yake. Akampata mkopeshaji mmoja aliyetaka kadi ya pikipiki kama dhamana. Akasema amemwomba Mungu na Mungu amemfungulia mlango. Shangazi yetu, ambaye mwaka 1979, Idi Amin alipoangushwa, alikimbilia Sudan kama Wanubi wengi wa hapa na anajua maana ya kuanza na mikono mitupu, hakumbishia kuhusu Mungu. Alimuuliza tu: mwezi wa pili ukishindwa kulipa, atachukua nini? Na akishachukua, utatafutia nini riziki siku watakapofungua barabara? Kisha akaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba, akaketi, akazungumza, wakapatana kodi ilipwe kidogo kidogo. Tulikula posho, yaani ugali, na maharage mpaka tukayachoka. Pikipiki ilibaki.

Ukisoma Sura ya 94 utakuta Mwenyezi Mungu amesema mara mbili mfululizo kwamba pamoja na dhiki kuna wepesi. Masheikh wengi husimama kwenye lile neno "pamoja". Wepesi hauji baada ya dhiki kuondoka; uko humo humo. Kwangu mimi, mara nyingi wepesi huo ni mtu aliyewahi kupita hapo, anayejua daraja liko wapi.

Hata hivyo siwezi kumaliza bila kusema wazee wetu nao wana kesi ya kujibu. Katika mambo ya ardhi, hasa ya wajane, nimeona mabaraza yanayokaa kuanzia asubuhi hadi Adhuhuri na kuamua jambo ambalo kila aliyeketi pale alijua ni dhuluma, kwa sababu tu mlalamikiwa ni wa ukoo. Kurani imempa mjane fungu lake kwa hesabu, moja ya nane akiwa marehemu ameacha watoto, moja ya nne akiwa hakuacha. Anayemwambia asubiri kwa Mungu huku ameshika fungu hilo mkononi asishangae vijana wakiacha kumuamkia. Methali ya penye wazee haliharibiki neno ni nzuri, lakini mimi nimeshaona neno likiharibika mbele ya wazee saba na kahawa ikiendelea kumiminwa.

Ombi langu basi ni kwa pande zote mbili. Kijana, kabla hujapeleka karatasi ya kuuza kibanja, yaani kipande chako cha ardhi, kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, igongwe mhuri, mpelekee kwanza mtu mzima asiye na fungu katika mauzo hayo, akusomee. Na ninyi wazee wetu, msingoje kuitwa kwa kilo ya sukari na kipande cha sabuni. Ijumaa baada ya sala, kaeni pale barazani hata nusu saa kabla ya kwenda kula. Wako watu wanaotoka msikitini na mzigo, na hawajui wamuanze nani.