Kompyuta ya gemu na kazi: mtumba wa ofisini au mpya ya kuunga mwenyewe?

Mdogo wangu yuko mwaka wa pili pale Chuo cha Mipango, kajibana na hela ya vibarua vya likizo mpaka kafikisha milioni moja na laki nane, anataka kompyuta ya mezani ya kufanyia kazi zake za ramani na za darasani halafu usiku acheze magemu. Swali lake ni moja tu, achukue mashine iliyotumika ya ofisini kwa mafundi wa hapa mjini aipachike kadi ya grafiki (kile kifaa kinachochora picha za gemu), au ashuke Kariakoo anunue vifaa vipya kimoja kimoja vikaungwe. Nimemjibu kwenye simu mara tatu na kila nikikata naona kuna kitu sijakisema vizuri, kwa hiyo nimekaa niandike yote, maana najua hayuko peke yake, Dodoma saivi imejaa wanafunzi na watumishi wanaojiuliza hilihili.

Nianze na mtumba kwa sababu watu wanaudharau bila haki. Zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre unazoziona zimepangwa madukani ni mashine zilizotolewa kwenye maofisi ya nje baada ya miaka minne mitano, na zilitengenezwa ziwake kutwa nzima kila siku ya kazi. Kesi zake ni nzito, feni zake zimetulia, na mara nyingi inakuja na Windows yake halali iliyofungamana na mazabodi (ule ubao mkuu wa ndani), hiyo ni hela ambayo anayeunga mpya huwa haihesabu mpaka siku anawasha anakutana na kioo kinamuomba laiseni. Ukiweka SSD (diski ya kasi) na ramu ya kutosha, kwa kazi za Excel, Word, Zoom na vichupo ishirini vya Chrome, hiyo mashine hutaitofautisha na mpya. Hilo nalisema kwa moyo mmoja, kwa kazi za kawaida tofauti ni ndogo mno kuliko watu wanavyodhani.

Lakini kuna namba lazima uiangalie kabla hata hujauliza bei, nayo ni kizazi cha prosesa, ule ubongo wa mashine. Microsoft walifunga huduma za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali kuanzia kizazi cha 8 na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine). Maana yake i5-7500 ya kizazi cha 7 na i5-8500 ya kizazi cha 8 zinaweza kukaa rafu moja, boksi zinafanana, muuzaji anakwambia zote "ni i5", kumbe moja imeshaachwa nyuma na nyingine bado. Na sio Windows tu, 7500 ina koo nne (core, vile vichwa vya kazi ndani ya prosesa) wakati 8500 ina koo sita, sasa mtu anayefungua QGIS ya kuchora ramani huku gemu inapakua nyuma na muziki unapiga, hizo koo mbili anazisikia kabisa. Najua kuna ujanja wa kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya zamani, unafanya kazi, ila gemu kama Valorant ukiwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wa mashine inapowaka), bila hivyo huingii mchezoni. Kwa hiyo chini ya kizazi cha 8 mimi namshauri asiguse, hata akishushiwa bei.

Sasa kwenye gemu ndo mtumba unapoonyesha kidonda chake, na hapa naongea kwa yaliyonikuta. Miaka ya nyuma nilinunua kile kimashine chembamba cha ofisi, nikapata kadi nzuri iliyotumika, kufungua ndani nakuta pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani, ni ndogo na haina hata ule waya wa pini sita wa kulisha kadi. Fundi akanipa kiunganishi, upande mmoja unachomeka waya wa diski ule wa SATA upande wa pili unatoka pini sita, akasema wote wanafanya hivi. Siku ya tatu nacheza nikasikia harufu ya plastiki, kuzima na kufungua, kile kichwa kimeyeyuka upande mmoja. Ule waya wa diski umetengenezwa kubeba wati kama 54 kwenye laini ya volti 12, wakati pini sita inaruhusiwa kuvuta mpaka 75, hesabu yenyewe inakataa. Nilishukuru Mungu nilikuwepo chumbani.

Na usidhani utabadilisha tu pawa saplai uendelee, hapana. Mashine nyingi za ofisi zina pawa saplai za umbo lao na plagi zao kwenye mazabodi, hazifuati ile ya kawaida inayouzwa kila duka. Vile vyembamba vingi viko wati 200 hadi 250, na hata OptiPlex 7060 ya mnara, ile kesi pana ya kusimama, ilikuja na 260. Kwa hiyo unabaki na kadi zinazokula umeme wa kwenye mazabodi peke yake, ambao mwisho wake ni wati 75. Ziko, na sio mbaya: GTX 1050 Ti, GTX 1650 ile isiyo na waya, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 inayokula wati 70. Ukiwa na 1650, eFootball inateleza, GTA V inacheza vizuri, Counter-Strike 2 ukishusha michoro unapiga freshi. Ila kama mashine ni nyembamba lazima kadi iwe fupi ya aina ya kimo cha nusu, na hizo kuzipata hapa Dodoma ni shughuli. Ndo maana nasema kama ni mtumba basi chukua mnara, achana na vyembamba.

Kwa hiyo mtumba unakupa kila kitu leo, kesho haukupi. Ukishaweka ile kadi ya wati 75 umefika mwisho wa barabara, siku ukitaka zaidi unauza yote unaanza upya.

Upande wa pili, mpya ya kuunga. Watu wengi wenye bajeti ya kati wanaishia kwa Ryzen 5 5600 au Core i5-12400F, zote koo sita na nyuzi kumi na mbili, zote zilitoka 2022, na zote kwa 1080p (skrini ya kawaida ya Full HD) zinabeba kadi za kueleweka kama RX 6600 au RTX 4060 bila kulalamika. Kumbuka tu hiyo herufi F mwisho inamaanisha haina grafiki ndani, bila kadi hupati picha, na 5600 nayo hivohivo. Kuna jamaa wananunua bila kujua wanadhani mashine imekufa. Kilicho kizuri zaidi kwangu sio hata mwendo, ni kwamba kila kifaa ni cha kawaida: pawa saplai ikifa unanunua yoyote ya ATX (lile umbo la kawaida), kesi ni yoyote, ramu unaongeza, kadi unabadilisha miaka mitatu mbele bila kugusa kingine. Ukichukua pawa saplai ya wati 550 au 600 yenye nembo ya 80 Plus Bronze (ya kutopoteza umeme) kutoka kampuni inayoeleweka, umemaliza mjadala wa umeme wa ndani kwa muda mrefu.

Ubaya wake? Hela inaisha kabla vifaa havijaisha. Mdogo wangu alikuwa amepiga hesabu ya prosesa, mazabodi, ramu na kadi akafurahi, nikamuuliza kesi, pawa saplai, SSD, monita, kibodi, mausi, akanyamaza. Halafu ramu yenyewe bei yake ilipaa mwishoni mwa 2025, viwanda vimegeukia kutengeneza memori za vituo vya data vya akili mnemba, sisi wa nyumbani tunagombania kinachobaki. Hili limenifanya nibadili mawazo kidogo kuhusu mtumba, kwa sababu mnara uliotumika ukija na GB 16 ndani tayari, umeokoa kipande kinachouma saivi. Na ndo sababu simshauri AM5, lile jukwaa jipya la prosesa za AMD, kwa sasa, ni jukwaa zuri na lina maisha marefu mbele, ila linataka ramu za aina ya DDR5 tu.

Alafu kuna gerenti. Mafundi wetu wa hapa ukinunua mtumba wanakupa wiki au mwezi, lakini fundi yuko pale mtaani, unabeba mashine kwenye bodaboda unampelekea. Vifaa vipya vya Kariakoo unaweza kupewa mwaka mzima kwenye karatasi, ila kadi ikizingua ni safari. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 safari sio adhabu tena, unaenda asubuhi unarudi usiku, bado lakini ni nauli na siku imepotea, na wakisema "acha tuichunguze" ni nauli mara mbili.

Kitu ambacho naona hakizungumzwi kabisa ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Mashine ya gemu ya kati ikiwa inacheza inavuta kama wati 250, ukicheza saa nne kwa siku hiyo ni uniti moja, mwezi uniti 30. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo, lile lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, hizo 30 zinakula asilimia 40 ya uniti zenu zote, ukijumlisha friji na pasi mnavuka, na mkivuka bei ya uniti inakuwa zaidi ya mara mbili. Mtumba wenye kadi ya wati 75 kwenye gemu unaweza kuwa karibu wati 150, kwa hiyo mwezi ni kama uniti 18. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba Miyuji anashea mita na wenzake watatu, hiyo tofauti italeta maneno ndani ya nyumba, nisiseme uongo.

Na umeme ukikatika ukarudi kwa kishindo, hakuna mpya wala mtumba anayepona. UPS, lile boksi la betri, ya VA 650 inabeba wati kama 360 hadi 390, inatosha mashine ya kati na monita kwa dakika chache za kusevu kazi na kuzima kistaarabu, hiyo tu. Mtu anayekwambia utaendelea kucheza nusu saa anakudanganya.

Vumbi nalo, wenyewe mnalijua, kuanzia Juni upepo unapiga ukifuta meza asubuhi jioni unaandika jina. Kesi mpya za kisasa zenye wavu mbele na feni tatu zinavutia macho ila zinanyonya vumbi kama nini, chagua yenye chujio la kuvuta na kuosha, na pulizia kila mwezi. Mashine za ofisi zina matundu machache kwa hiyo zinaingiza vumbi kidogo, lakini ukishaweka kadi ndani joto linabaki humohumo, na Oktoba Novemba chumba cha bati bila silingi bodi haina pa kupumulia. Hapa sina mshindi.

Sasa msimamo wangu. Kama kazi ndo kubwa na gemu ni mpira wa jioni na GTA V, chukua mnara wa kizazi cha 8 au cha 9, hakikisha GB 16 na SSD, weka kadi isiyo na waya, ishi kwa amani, chenji inayobaki nunua UPS na monita nzuri. (Monita za zamani za VGA zichunge, kadi nyingi za sasa hazina hiyo tundu.) Kama kazi hamna kabisa, ni mpira tu na washkaji, wala usihangaike na kompyuta, PS4 iliyotumika inatosha.

Ila kwa mdogo wangu, anayetaka vyote viwili na ana miaka mbele ya kukua, namwambia aunge mpya bila kadi kwanza. Achukue Ryzen 5 5600G, ile yenye grafiki ndani, mazabodi ya B550, ramu mbili za GB 8 na sio moja ya GB 16, kwa sababu grafiki ya ndani inakula ramu hiyohiyo na ikiwa na njia mbili inapata mwendo mkubwa zaidi, halafu hela inayobaki ishibe kwenye pawa saplai. eFootball itacheza, GTA V itacheza kwa michoro ya kati, ramani zake atachora, LUKU haitalia. Hasara ipo na nimemwambia: 5600G ina kachi (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) nusu ya ile ya 5600 na inatumia PCIe 3.0, njia ya kadi ya toleo la zamani, kwa hiyo siku akiweka kadi kubwa hatapata kila tone. Pia miezi ya mwanzo atawaona wenzake wenye mtumba na 1650 wanamzidi fremu, na kwa umri wake hilo linauma.

Rafiki yangu mmoja kalipinga hili kwa nguvu, anasema kijana ana hela leo, kwa nini asicheze leo, mwakani Mungu ndo anajua. Ana hoja, na nimeshindwa kumwambia kakosea. Mimi naogopa tu ile harufu ya plastiki na ile hali ya kuuza mashine nzima kwa bei ya kutupa baada ya mwaka kwa sababu ya waya wa pini sita.

Mdogo wangu anapanda treni Jumamosi. Orodha yake nimeiona, pawa saplai kaiandika ya kwanza juu, kadi kaiweka chini kabisa kaandika pembeni "baada ya fildi".