Mtajo, mlinganyo na alama inayowachanganya wanafunzi

Mpe mwanafunzi wa sekondari swali hili: rahisisha x/2 + x/3. Wapo wengi watakaotafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) ya 2 na 3, wapate 6, wazidishe kila sehemu kwa 6, kisha waandike 3x + 2x, jibu 5x. Kuzidisha wamezidisha sawasawa. Ila jibu ni 5x/6. Kilichowaponza ni kutumia sheria ya mlinganyo mahali penye mtajo, yaani fungu la namba na herufi lisilodai kulingana na kitu kingine. Kama swali lingekuwa x/2 + x/3 = 10, ungezidisha pande zote mbili kwa 6 na usawa usingevurugika. Mtajo hauna upande wa pili wa kuubeba huo mzigo. Ukiuzidisha kwa 6 umeukuza mara sita, basi.

Kwamba tofauti hii ifundishwe, hakuna mwalimu anayebisha. Ubishi uko kwenye njia.

Wapo wanaoanza na maana: mtajo hauna alama ya =, mlinganyo unayo. 3d ni bei ya madaftari matatu, d iwe kiasi chochote. 3d = 3,000 ni dai kuhusu bei hiyo, nalo ni kweli pale tu daftari moja linapouzwa shilingi 1,000. Njia hii ni fupi, inapimika kwa maswali ya papo kwa papo, na katika darasa lililofurika si haki kuidharau. Pia inampa mwanafunzi majina ya kuulizia anapokwama.

Lakini tazama kinachotokea anaporahisisha 3x + 5x. Anaandika 3x + 5x = 8x. Alama ya = ameiweka kwa mkono wake mwenyewe, na kwa kanuni aliyokariri, mbele yake sasa kuna mlinganyo. Ndipo mwingine anaendelea: 8x = 0, kwa hiyo x = 0. Tunamshangaa, kumbe ametutii neno kwa neno. Hatukumwambia kwamba alama hiyohiyo ina kazi zaidi ya moja. Katika 3x + 5x = 8x inasema pande mbili ni kitu kimoja kwa x yoyote ile; katika 3x + 5 = 20 inatuuliza ni x ipi; katika fomula ya eneo la mstatili inatuonyesha namna ya kukokotoa. Kanuni ya kutazama kama alama ipo au haipo haiwezi kutenganisha hayo, na inamtupa mkono mwanafunzi pale hasa anapoihitaji.

Upande wa pili unasema tatizo lilianza zamani, darasa la kwanza, mtoto alipozoea kwamba = maana yake ni "toa jibu". Wana ushahidi. Mwaka 1981 Carolyn Kieran wa Canada alieleza jinsi wanafunzi wanavyoiona alama hiyo kama amri ya kutenda jambo. Mwaka 1999 watafiti wa Marekani, Falkner, Levi na Carpenter, waliripoti kwamba wanafunzi 145 wa darasa la sita walipewa 8 + 4 = □ + 5, na wote wakajaza 12 au 17. Jibu ni 7. Robert Recorde, aliyeichapisha alama hii mwaka 1557, alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu, alisema, hakuna vitu viwili vinavyoweza kulingana zaidi ya hivyo. Kwa hiyo, wanasema hawa, rekebisha maana ya alama, tumia mizani, na tofauti ya mtajo na mlinganyo itajitokeza yenyewe.

Hapo ninawafuata nusu ya njia. Mizani inafaa kwa x + 3 = 7, lakini kwa x + 7 = 3 utalitoa wapi jiwe la kilo −4? Na mwanafunzi wa kidato cha pili hatarudi darasa la kwanza.

Mimi ningeanza na swali moja kabla ya penseli kugusa karatasi: hapa ninaruhusiwa kufanya nini? Kwenye mtajo unaruhusiwa kubadili sura, si thamani, na kulipima hilo ni rahisi. Weka x = 6 katika x/2 + x/3, unapata 5; weka katika 5x, unapata 30. Jibu limejikataa lenyewe. Kwenye mlinganyo unaruhusiwa kuzidisha, mradi pande zote mbili na si kwa sifuri. Majina yafuate baadaye. Huko Tanzania, mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili atayakuta yamebadilika kuwa ya Kiingereza kidato cha kwanza, ila kipimo cha kuweka namba kitabaki kilekile.

Ningechanganya pia mazoezi. Sura ya kurahisisha ikiwa na mitajo mitupu, na ya milinganyo ikiwa na milinganyo mitupu, mwanafunzi halazimiki kuchagua hata mara moja. Yakichanganywa, maksi zitashuka kwanza, na mwalimu ataulizwa kulikoni.

Kusahihisha nako kuna utata. Mwanafunzi ameambiwa atafute vigawo vya x² − 9. Anaandika (x − 3)(x + 3), sahihi kabisa, halafu anaongeza: x = 3 au x = −3. Wasahihishaji wengine watampa maksi zote kwa kuwa jibu lipo. Mimi ningekata moja, na pembeni ningemwandikia: nani amekuambia x² − 9 ni sifuri?